Kufufua Yamaha DT au AG100 Iliyokufa: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kutoa Hela, na Wapi pa Kuanzia Kazi

Kigoma Mjini, Ujiji au Mwandiga si ajabu kukuta pikipiki ndefu ya tairi za kashata imeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba, turubai juu yake, kuku wamelala kwenye siti. Mara nyingi ni Yamaha DT125, Yamaha AG100 au Honda XL125. Zamani ilikuwa ya bwana shamba, ya mradi wa afya au ya shirika fulani. Leo haiwaki.

Mwenye nayo anataka iondoke tu. Kijana anayeitazama anajiona tayari yuko juu ya mlima wa Kalinzi, gunia la maharage nyuma. Swali ni moja: itafufuka, au itamla hela hadi iishie kwa wanunuzi wa chuma chakavu?

Jibu halipo kwenye rangi wala siti. Lipo kwenye vitu viwili visivyoonekana haraka: karatasi za umiliki na krankishafti, ule mhimili unaozunguka tumboni mwa injini. Vikiwa vizima hivyo viwili, kilichobaki ni muda na uvumilivu. Vikiwa vibovu, bei ndogo ya kununulia huwa mtego.

Zimetoka wapi?

Yamaha AG100 ilibuniwa kwa ajili ya mashamba. Ina injini ya cc 97, keria mbele na nyuma, stendi za pembeni pande zote mbili, na cheni iliyofunikwa yote ili vumbi na tope visiingie. DT125 ina injini ya cc 123, shokapu ndefu na tairi kubwa ya mbele ya inchi 21 inayopanda mawe na mizizi kirahisi. Zote mbili zina injini ya mipigo miwili, ambayo mafundi huiita tustroku. Honda XL125 ni ya mipigo minne, kama bodaboda za sasa.

Pikipiki hizi zilisambaa vijijini Afrika nzima kupitia serikali, makanisa na miradi ya misaada. Kigoma ina historia ndefu ya miradi ya namna hiyo. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996, na miradi ya misitu na ya afya imekuwepo kwenye vijiji vya kando ya ziwa kwa miaka mingi. Mradi ukifungwa, vyombo huuzwa kwa zabuni au mnada. Vingine huachwa vikaoza.

Kuoza huko si jambo la Kigoma peke yake. Shirika la Riders for Health lilizaliwa baada ya waanzilishi wake kutembelea Somalia mwishoni mwa miaka ya 1980 na kukuta pikipiki na magari ya huduma za afya yametelekezwa kwa kukosa matengenezo madogo tu. Mara nyingi pikipiki ya mradi huanza kufa kwa sababu hakuna aliyesafisha filta, kukaza nati au kubadilisha kitu cha bei ndogo kwa wakati.

Karatasi kwanza, spana baadaye

Kabla ya kugusa nati yoyote, mnunuzi aombe kadi ya pikipiki. Namba za fremu na injini zilizoandikwa kwenye kadi zilingane na zile zilizogongwa kwenye chuma. Namba ya fremu huwa kwenye shingo, upande wa kulia, pale usukani unapozungukia. Tope lisuguliwe kwa brashi na namba isomwe vizuri. Ikionekana imesuguliwa kwa tupa au imegongwa upya, biashara iishie hapo.

Jambo la pili ni aina ya namba ya usajili. Herufi STK au STL ni za serikali kuu, SM ni za serikali za mitaa, SU ni za mashirika ya umma, na DFP ni za miradi ya wafadhili. Pikipiki yenye namba hizo haiwezi kuuzwa na dereva wake wa zamani eti kwa sababu "waliniachia." Lazima kuwe na barua au hati ya mauzo kutoka kwa mwenye mali, ionyeshe mnada au zabuni iliyofanyika.

Hapa ndipo wengi huumia. Vyombo vya miradi mara nyingi huingizwa nchini kwa msamaha wa kodi. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, chombo kilichosamehewa kikihamia kwa mtu asiye na msamaha, kodi inaweza kudaiwa. Anayenunua bila kuuliza anaweza kukutana na deni hilo siku anayokwenda TRA kuhamisha umiliki. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni fupi: kodi ya forodha imeshalipwa, na risiti iko wapi?

Pikipiki zilizovuka kutoka Burundi au Congo zina mtihani wake. Namba ya nje si usajili wa Tanzania. Bila nyaraka za forodha, pikipiki hiyo haisajiliki, hata iwe nzima kiasi gani.

Ukaguzi wa nusu saa

Karatasi zikiwa sawa, ukaguzi uanze. Hauhitaji gereji. Unahitaji spana chache, bisibisi na simu yenye tochi.

Kwanza, kiki ikanyagwe taratibu kwa mkono, swichi ikiwa imezimwa. Ikishuka laini na kuleta ukinzani katikati, injini bado ina kompresheni. Ikishuka bure kama haijafungwa na kitu, ringi au pistoni imekwisha, au gia za kiki zimelika. Ikigoma kabisa, injini imenoki au imeshika kutu. Pikipiki itiwe gia kubwa na gurudumu la nyuma lisukumwe mbele na nyuma taratibu. Injini iliyoshikwa na kutu kidogo huweza kuachia ikimwagiwa oili kupitia tundu la plagi na kuachwa usiku mzima. Isilazimishwe kwa kuvutwa na pikipiki nyingine, maana ringi zinaweza kukatika na kuchana silinda.

Pili, kwa DT na AG100 kuna njia rahisi ya kuona pistoni bila kufungua injini. Nati za bomba la ekzosi pale linapoingia kwenye silinda zifunguliwe, kisha mtu amulike kwa tochi ya simu. Pistoni itaonekana. Ikiwa laini na ina rangi ya kijivu au kahawia, ni dalili njema. Ikiwa na michirizi ya wima, iliwahi kunoki.

Tatu, kifuniko cha upande wa kushoto kitolewe ili magneti, lile gurudumu zito la kuzalisha umeme, lionekane. Lishikwe na kutikiswa juu na chini. Likicheza, beringi za krankishafti zimekufa. Kisha lizungushwe kidogo kushoto na kulia. Mlio wa "ko-ko" ndani ni dalili kuwa beringi ya konrodi imelika. Hiyo ndiyo kazi ghali kuliko zote kwenye injini hizi.

Nne, gurudumu la mbele linyanyuliwe kwa kuweka gogo chini ya injini. Usukani ugeuzwe polepole. Ukikwama katikati kama unaingia kwenye kishimo, beringi za shingo zimekwisha. Fremu iangaliwe pale shingo inapoungana na bomba kuu na pale mkono wa nyuma unapofungwa. Nyufa huanzia hapo.

Lini iachwe?

Kuna mchanganyiko usiofaa kununuliwa hata kwa bei ya kutupa: krankishafti mbovu, silinda iliyochanika na karatasi zenye utata. Kimoja kati ya hivyo kinavumilika. Vikiwa viwili, hesabu ipigwe mara mbili. Vikiwa vitatu, pikipiki hiyo ni ya kununua kama spea tu, kwa bei ya spea.

Fremu yenye ufa kwenye shingo nayo ni ya kuachwa, isipokuwa kama kuna mchomeleaji anayeaminika kweli kweli. Shingo ikikatika mteremkoni, dereva habakiwi na usukani.

Mahali na zana

Kazi hii inafanyika hata barazani au chini ya mwembe, mradi pawe na kivuli, sakafu ngumu na mahali pa kufungia vitu usiku. Zana za msingi ni seti ya spana na soketi za milimita 8 hadi 22, bisibisi ya kugongwa kwa nyundo kwa ajili ya skrubu zilizoshika, plaizi, brashi ya waya, msasa na kifaa cha kuvulia magneti. Kifaa hicho kisikosekane. Wanaogonga magneti kwa nyundo hupindisha ncha ya krankishafti na kuua injini iliyokuwa nzima.

Simu ni zana pia. Kila kitu kipigwe picha kabla ya kufunguliwa: nyaya zilivyopita, kebo zilivyozunguka, washa zilivyopangana. Nati za kila sehemu ziwekwe kwenye chupa au mfuko wake na kuandikwa. Kazi ya nyumbani huchukua wiki na miezi, na hakuna anayekumbuka baada ya mwezi ni bolti ipi ndefu ilitoka wapi.

Vifaa vioshwe kwa dizeli au mafuta ya taa, si petroli. Mvuke wa petroli hutambaa chini na kufuata moto, na jiko la mkaa uani linatosha kuuwasha.

Breki na magurudumu kabla ya injini

Wengi huanza na injini kwa sababu wana hamu ya kusikia mlio. Kwa Kigoma mpangilio huo ni wa hatari, na sababu yake ni ya kifundi.

Injini ya mipigo miwili haina nguvu kubwa ya kuzuia mwendo pale mtu anapoachia mafuta. Bodaboda ya mipigo minne ikitiwa gia ndogo mteremkoni hujizuia yenyewe. DT na AG100 huteleza. Anayeshuka kutoka Kalinzi kuja Mwandiga na abiria nyuma anategemea breki karibu peke yake. Siku hiyo abiria anaweza kuwa mama mjamzito anayewahishwa hospitali.

AG100 na DT za zamani zina breki za dramu, zile zenye brekishu ndani ya hapu. Magurudumu yatolewe na brekishu ziangaliwe. Zikibaki nyembamba, au zikiwa zimelowa oili, zibadilishwe. Oili hutoka kwenye sili za shokapu za mbele au kwenye grisi iliyozidi, kwa hiyo chanzo kitafutwe kwanza. Vumbi la brekishu lisipulizwe kwa mdomo wala pampu, kwa kuwa brekishu za zamani zinaweza kuwa na asibestosi, inayodhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Kamu inayotanua brekishu ivuliwe, isafishwe kutu na kupakwa grisi kidogo sana. Kebo ya breki ya mbele ikiwa na nyuzi zilizokatika ibadilishwe yote. Isiungwe.

Beringi za magurudumu ziguswe kwa kidole. Zikikwaruza, zitolewe. Tope na maji ya mito ndiyo yanayoziua, na mvua za Kigoma huanza takribani Novemba hadi Aprili au Mei. Spoku zigongwe moja moja kwa spana: iliyokazwa hulia, iliyolegea hunyamaza.

Injini: sili ndogo, hasara kubwa

Kwenye injini ya mipigo miwili, mchanganyiko wa petroli na hewa hupita kwanza chini, kwenye chumba cha krankishafti, ndipo upande juu kwenye silinda. Kwa hiyo chumba hicho lazima kizibe kabisa. Kinachokiziba ni sili mbili za mpira, moja kila upande wa krankishafti.

Pikipiki iliyokaa miaka bila kuwaka, sili hizo hukauka na kuwa ngumu. Ya upande wa magneti ikivuja, injini huvuta hewa ya ziada, hupata joto kupita kiasi, kisha hunoki. Ya upande wa klachi ikivuja, injini hunyonya oili ya gia, hutoa moshi mweupe usiokwisha, na oili ya gia hupungua bila kuonekana inapodondokea.

Huu ndio ugonjwa unaowasumbua waliozoea bodaboda. Pistoni mpya inafungwa, pikipiki inawaka vizuri, kisha ndani ya wiki mbili inanoki tena. Kosa halikuwa la pistoni. Sili za zamani ziliachwa ndani. Sili si ghali. Ya magneti hubadilishwa bila kupasua injini kwenye modeli nyingi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiacha.

Silinda ikiwa imechanika au imelika, hupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kukereza. Huipanua kidogo, na pistoni kubwa zaidi ya saizi hiyo hufungwa. Pistoni hizo huja kwa hatua: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, kila moja ikiwa ni sehemu ya milimita iliyoongezwa juu ya saizi ya kiwandani. Pistoni inunuliwe kwanza, ndipo silinda ichongwe kuifuata. Anayechonga kwanza anaweza kukosa pistoni ya kuijaza.

Bomba la ekzosi lisisahaulike. Injini ya mipigo miwili huunguza oili, na masizi hujikusanya ndani ya bomba hadi kuliziba. Pikipiki nyingi "zisizo na nguvu" zina ugonjwa huu tu. Masizi yakwanguliwe, na bomba la ndani la kuzuia kelele livuliwe na kusafishwa.

Kwa Honda XL, mambo ya sili hizi hayahusiki kwa namna hiyo. Huko kinachoangaliwa ni valvu, cheni ya ndani na usafi wa oili.

Oili: ujuzi wa ziwani na kosa la ziwani

Bodaboda karibu zote za sasa ni za mipigo minne, na vijana wengi wa gereji hawajawahi kufungua tustroku. Lakini Kigoma ina mafundi wanaoijua vizuri: wale wa injini za boti. Kibirizi, Katonga na mialo mingine, injini nyingi za kuning'iniza nyuma ya boti zimekuwa za mipigo miwili kwa miongo. Fundi wa boti anajua ringi, sili na kuchanganya mafuta kuliko fundi wengi wa mjini. Anayefufua DT atafute mtu huyo mapema.

Ila kuna kosa moja linalotoka huko huko ziwani. Oili ya injini za boti, yenye alama TC-W3, imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji, ambayo haipati joto kali. AG100 na DT za zamani hupozwa na hewa tu. Zikipanda mlima na mzigo, silinda huwa ya moto mno, na oili ya boti haikutengenezwa kwa joto hilo. Inayofaa ni oili ya pikipiki za mipigo miwili yenye alama JASO FC au FD. Chupa igeuzwe nyuma na alama isomwe.

Oili ya bodaboda, ile ya 20W-50, isichanganywe kabisa na petroli. Haikutengenezwa kuungua pamoja nayo. Huacha masizi mengi na huziba ekzosi.

Yamaha hizi zina pampu ya kuchanganya oili yenyewe na tangi lake dogo. Mafundi wengi huiondoa na kuchanganya kwa mkono. Pampu ikiwa nzima ni bora ibaki, kwa sababu huongeza oili kadiri injini inavyofanya kazi. Wanaochanganya kwa mkono mara nyingi hutumia sehemu 1 ya oili kwa 40 za petroli, yaani mililita 25 kwa kila lita. Kitabu cha pikipiki na maelezo ya chupa ndivyo vya kufuatwa. Mtindo wa kumimina "kwa jicho" umeua silinda nyingi.

Kwa wiki za kwanza baada ya matengenezo, hata mwenye pampu huongeza oili kidogo kwenye tangi la petroli, ili pampu ikigoma injini isife. Gia zina oili yake peke yake, chini, na haichanganyiki na hiyo.

Tangi, kabureta na filta

Tangi lililokaa huwa na kutu ndani na petroli iliyooza, yenye harufu ya rangi. Njia ya nyumbani ni kumwaga yote, kutia kokoto ndogo zilizooshwa au kipande cha cheni, kujaza siki, kutikisa na kuacha siku nzima. Kisha lioshwe kwa maji yenye magadi kidogo, likaushwe juani na kutiwa petroli yenye oili haraka kabla kutu haijarudi.

Tangi linalovuja lisipelekwe kuchomelewa likiwa na harufu ya petroli. Tangi tupu lenye mvuke hulipuka vibaya kuliko lililojaa. Mchomeleaji makini hulijaza maji hadi karibu na sehemu ya kuchomea.

Kabureta ifunguliwe yote. Jeti, vile vitundu vidogo vya shaba, zisafishwe kwa hewa au uzi laini. Waya huzipanua na kuharibu kipimo. Boya litikiswe sikioni: likisikika maji ndani, limetoboka.

Filta ya hewa ndiyo inayoamua injini itaishi muda gani. Vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, ni msasa. Likiingia kwenye silinda, pistoni mpya huisha ndani ya msimu mmoja. Filta za DT na AG100 ni za sponji. Huoshwa kwa mafuta ya taa au sabuni, hukaushwa, kisha hulowekwa oili na kukamuliwa bila kusokotwa. Sponji kavu haizuii vumbi vizuri, na iliyochanika ni sawa na hakuna.

Umeme na spea

Kabla ya kununua balbu au betri, volti ijulikane. Baadhi ya AG100 na DT za zamani ni za volti 6, wakati bodaboda ni za volti 12. Balbu ya bodaboda kwenye mfumo wa volti 6 huwaka kama kibatari. Kama plagi haitoi cheche, nyaya, swichi na kofia ya plagi viangaliwe kabla ya kulaumu koili. Panya hula nyaya kuliko watu wanavyodhani.

Kwenye spea, mambo ni mchanganyiko. Cheni ya namba 428 inapatikana kirahisi kwa sababu bodaboda nyingi huitumia. Kebo, plagi, beringi za magurudumu na balbu hupatikana Mwanga na Ujiji. Pistoni, sili za krankishafti, ridi za kabureta na tairi ya mbele ya inchi 21 mara nyingi huagizwa Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Kwa hiyo orodha iandikwe yote baada ya kufungua, na mzigo uagizwe mara moja. Beringi na sili zina namba na vipimo pembeni yake. Picha ya namba hizo ikitumwa kwa muuzaji, makosa hupungua sana.

Bajeti nayo ipangwe hivyo. Baada ya kujumlisha spea zote zinazojulikana, theluthi moja iongezwe kwa yale yatakayojitokeza. Yatajitokeza.

Siku ya kuiwasha

Injini ikishafungwa, iwashwe na kuachwa dakika chache bila kuvutwa mafuta mengi, kisha izimwe ipoe kabisa. Zoezi hilo lirudiwe mara mbili tatu. Nati za silinda hedi zikazwe tena injini ikiwa ya baridi.

Kilomita 500 za kwanza ziwe za taratibu: bila mzigo mzito, bila kuivuta hadi mwisho, bila kupanda mlima mrefu kwa gia kubwa. Baada ya kilomita chache plagi itolewe. Ikiwa ya kahawia, mchanganyiko uko sawa. Ikiwa nyeupe kama chaki, injini inapata hewa nyingi na iko njiani kunoki, hivyo isiendelee kuendeshwa hadi chanzo kipatikane.

Kabla haijaingia barabarani, iwe na kadi yenye jina la mmiliki mpya, bima, taa, honi na vioo. Dereva awe na leseni ya daraja A na kofia ngumu. Umiliki huhamishwa TRA kwa mkataba wa mauzo, vitambulisho vya pande zote mbili, namba ya mlipakodi na malipo ya ada.

Je, inalipa?

Kwa anayetaka kubeba abiria mjini kila siku, jibu ni hapana. Bodaboda ya kawaida hula mafuta kidogo, na spea zake zimejaa kila duka. DT iliyofufuliwa hailingani nayo kwenye hesabu ya kila siku.

Inalipa kwa mtu mwenye shamba la kahawa mlimani, kwa anayeingia vijiji ambavyo mvua ikinyesha bodaboda hukwama, na kwa kijana anayetaka kujifunza ufundi. Aliyefungua na kufunga tustroku moja kwa mikono yake anaweza kesho kusaidia injini ya boti Kibirizi. Hiyo ni ajira kwenye mji wa ziwa.

Rangi ipakwe mwisho, hela ikibaki. Isipobaki, pikipiki yenye kutu juu na breki nzima chini itamfikisha mtu Kalinzi, na itamrudisha.